Joto la Huku Si Joto la Kwetu

Maneno haya yalisemwa mbele ya familia zetu hapa Portland, Oregon, Jumamosi moja mwanzoni mwa majira ya joto. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika kwa sababu ya kazi, ugonjwa au watoto wadogo.

Najua kuna waliotoka kazini alfajiri na hawajalala bado, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Nilipopiga simu kuwaita kwenye mkutano huu, jibu nililolisikia mara nyingi lilikuwa hili: "Mwanangu, utatufundisha nini kuhusu joto? Sisi tumetoka Afrika. Tufundishe baridi." Wengine walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini baada ya kukata simu niliona kwamba jibu hilo ndilo hasa linalonifanya niogope kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia. Mtu anayejua kwamba haijui baridi hununua koti, huuliza, hujifunika. Mtu anayeamini kwamba joto analijua hafanyi lolote.

Kwa hiyo leo naomba tulizungumzie joto la huku kama kitu kigeni, kama tulivyozungumza kuhusu theluji.

Siku tatu za mwaka 2021

Portland ni mji wa mvua na mawingu. Mwisho wa Juni joto la mchana kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 75 na 80 za Fahrenheit, yaani kama 24 hadi 27 za Selsiasi tulizozizoea sisi. Kwa ajili hiyo majengo mengi ya zamani hapa yalijengwa bila kiyoyozi. Hakuna aliyefikiri kitahitajika.

Tarehe 26 Juni 2021 joto lilifika nyuzi 108 za Fahrenheit. Kesho yake lilifika 112. Tarehe 28 likafika 116, ambayo ni karibu 47 za Selsiasi. Kabla ya siku hizo tatu, joto kubwa kuliko yote lililowahi kuandikwa mjini hapa lilikuwa nyuzi 107. Treni za MAX zilisimamishwa kwa sababu mitambo na nyaya zake havikutengenezwa kwa joto la namna hiyo.

Sasa linganisha na kwetu. Kigoma, mchana wa kawaida ni nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi. Uvira na Bujumbura haziko mbali na hapo. Aliyetoka Bukavu au Minembwe alizoea ubaridi wa milimani. Ndugu zetu mliokaa Kakuma mnajua joto la 36 na 38, na hilo ni kali kweli. Lakini hata ninyi hamkukulia kwenye 47. Kwa hiyo tukisema "tumetoka kwenye joto", ni kweli, lakini joto hilo la 2021 hatukutoka nalo.

Watu walikufa. Hapa kaunti ya Multnomah, wengi wa waliokufa walikuwa watu wazima waliokuwa peke yao ndani ya nyumba zisizo na kiyoyozi. Kaskazini mwetu, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, wapelelezi wa vifo wa serikali walihesabu watu 619 waliouawa na joto hilo. Katika kila watu 100 waliokufa, 98 walikuwa ndani ya nyumba. Zaidi ya nusu walikuwa wanaishi peke yao.

Naomba msikie vizuri hapo. Hawakufia juani wakilima. Walifia ndani, kwenye kivuli, wengine kwenye viti vyao, na hakuna aliyegonga mlango.

Kwa nini tulichokijua hakitulindi

Wazee wetu walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Kwetu tulikuwa na ujuzi mkubwa wa kuishi na joto, lakini ujuzi huo ulikuwa umejengwa juu ya vitu vitatu, na vyote vitatu tuliviacha kule.

Cha kwanza ni mwili wenyewe. Mwili hujifunza joto. Ukikaa mahali pa joto wiki moja au mbili, mwili unaanza kutoa jasho mapema, na moyo haupati taabu sana kama siku ya kwanza. Lakini ukiondoka kwenye joto, mafunzo hayo yanapotea ndani ya wiki chache tu. Mtu aliyepitisha miezi ya mvua ya Oregon tangu Novemba mpaka Mei, amevaa sweta, amewasha hita, mwili wake Juni unaanza upya. Hauangalii ulizaliwa wapi.

Cha pili ni nyumba. Kwetu nyumba ilikuwa mahali pa kulala. Mchana tulikaa nje, chini ya mwembe, barazani, au tuliweka mkeka upande wenye kivuli na kuusogeza jua likisogea. Ukuta wa matofali ya udongo ulikuwa na ubaridi wake, na usiku upepo ulipita. Nyumba za huku zilijengwa kushika joto lisitoke, kwa sababu adui aliyejulikana ni baridi. Mbao, zulia, madirisha mapana ya vioo, ukuta uliojazwa sufi. Jua la mchana likiingia halitoki kwa urahisi. Na kama unaishi ghorofa ya tatu, joto la majirani wa chini linapanda kwako.

Halafu kuna urefu wa mchana. Kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Hapa mwezi wa Juni linachomoza kabla ya saa kumi na mbili alfajiri na halizami mpaka saa tatu usiku. Ni zaidi ya saa 15 za jua kupiga dirisha. Watu wengi hufikiri saa nane mchana ndiyo kilele, kama kwetu. Hapa joto kali zaidi huja saa kumi na kumi na moja jioni, na ndani ya nyumba linaweza kukaa mpaka usiku wa manane.

Cha tatu, na hiki ndicho kinachoniumiza zaidi, ni watu. Kule kambini, mama mzee asipofungua mlango mpaka saa tatu asubuhi, jirani anaita. Mtoto anatumwa: "Kamuangalie bibi." Hapa mama mzee anaweza kukaa siku mbili mlango umefungwa, na jirani akafikiri amesafiri. Mwanaye yuko ghalani zamu ya saa 12, mkwe yuko hotelini anafanya usafi, wajukuu wako shule au kwenye michezo. Bibi yuko peke yake na dirisha asilojua kulifungua.

Vitu vitatu hivyo hatukuja navyo. Vya kwanza viwili tunaweza kujifunza namna mpya. Cha tatu tunaweza kukirudisha sisi wenyewe, na nitakirudia mwishoni.

Ndani ya nyumba: funga mchana, fungua usiku

Kwetu mtu akisikia joto anafungua dirisha. Huku, siku ya joto kali, fanya kinyume. Asubuhi mapema, kabla hewa ya nje haijapata moto, funga madirisha yote na teremsha mapazia, hasa upande wa mashariki asubuhi na upande wa magharibi mchana. Kama huna mapazia mazito, tundika shuka au kitenge kizito. Usiku, hewa ya nje ikiwa na ubaridi kuliko ya ndani, fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite.

Lakini mwenye watoto wadogo asikilize. Kila mwaka mjini hapa watoto huanguka kutoka madirishani wakati wa joto. Ule wavu wa dirisha ni wa kuzuia mbu na nzi, hauzuii mtoto. Akiuegemea unatoka pamoja naye. Usifungue dirisha zaidi ya inchi 4 mahali mtoto anapofika, na ondoa kitanda au kiti karibu na dirisha. Duka la vifaa vya ujenzi linauza kizuizi kidogo kinachozuia dirisha lisifunguke zaidi. Tuulizeni tutawaonyesha.

Feni ni nzuri, lakini ijueni kazi yake. Feni haipozi hewa, inaisukuma tu. Joto la chumba likipita nyuzi 90 za Fahrenheit, feni peke yake inakupulizia hewa ya moto. Hapo unahitaji maji juu ya ngozi. Lowesha kitambaa ujifute shingo, mikono na uso. Weka miguu ndani ya beseni la maji ya baridi. Oga maji ya kawaida mara mbili au tatu kwa siku. Lala na khanga au kitenge kibichi kilichokamuliwa. Hii ya mwisho mama zetu mnaijua vizuri kuliko mimi.

Jikoni pia ni chanzo cha joto. Sufuria ya maharage ikichemka saa tatu nzima kwenye apatimenti ndogo ni kama kuwasha moto sebuleni. Siku hizo pika alfajiri, pika cha siku nzima, weka kwenye friji. Sombe na maharage vinangoja. Na umeme ukikatika, tafadhali sana, jiko la makaa lisiingie ndani wala lisiwekwe kwenye baraza la ghorofani. Moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Soda na vinywaji vya nguvu havichukui nafasi ya maji, na pombe inaongeza ukaukaji. Mzee anayepunguza maji ili asiende chooni mara kwa mara, mwambieni kwa upole kwamba siku hizi mbili tatu choo si tatizo.

Wanaotumia dawa za presha, za moyo, za sukari au za kutuliza akili: baadhi ya dawa hizo zinafanya mwili upoteze maji au usitoe jasho vizuri. Usiache dawa. Piga simu kwa mfamasia au kliniki sasa, kabla joto halijaja, uulize: "Dawa hii na joto vipi?" Insulini isiachwe ndani ya gari wala kwenye chumba chenye moto.

Kiyoyozi na mwenye nyumba

Wengi mmeniambia meneja wa jengo amekataza viyoyozi. Tangu mwaka 2022 Oregon ina sheria kuhusu jambo hili. Mwenye nyumba anaweza kuweka masharti ya usalama: kwa mfano kwamba chombo kisizibe dirisha ambalo ndiyo njia ya kutokea moto ukiwaka, kisidondoke chini, kisizidi nguvu za umeme wa jengo. Lakini hawezi kukataa tu kwa sababu hapendi. Ukipewa barua ya kukataza, usitupe, na usigombane. Tuletee tuisome pamoja.

Pesa za kununua kiyoyozi ni tatizo, najua. Walio na bima ya afya ya OHP wasikilize: tangu Machi 2024 bima hiyo imekuwa na msaada wa vifaa kama viyoyozi kwa baadhi ya watu wenye hali za kiafya zinazowaweka hatarini. Si kila mtu anapata, na kuna fomu na masharti. Njooni mapema tujaze. Fomu inayojazwa siku joto limefika nyuzi 105 haimsaidii mtu siku hiyo.

Kutoka nje ya nyumba

Usipokuwa na kiyoyozi, usishindane na nyumba. Ondoka. Hata saa mbili au tatu mahali penye ubaridi zinaupa moyo nafasi ya kupumzika.

Maktaba ni bure. Hauulizwi kununua kitu, hauulizwi kitambulisho mlangoni, na watoto wanapata vitabu. Siku za joto kali zaidi kaunti hufungua vituo vya kupoza mwili, vingine usiku kucha. Kujua kilicho karibu nawe, piga 2-1-1 na useme "Swahili", watakutafutia mkalimani. Siku hizo TriMet haimwachi abiria anayekwenda kituoni kwa sababu hana nauli. Mwambie dereva maneno mawili tu: "Cooling center."

Kuna wazee wanaosema: "Nitaonekana kama ombaomba nikikaa kule." Baba zangu, mama zangu, kule wanakaa walimu waliostaafu, wanakaa wenye nyumba zao wenyewe. Kukaa kwenye ubaridi si kuomba.

Watoto

Mtoto mchanga chini ya miezi sita asipewe maji, hata siku ya joto. Najua bibi atasema mtoto ana kiu. Maji matupu yanaweza kumdhuru mtoto wa umri huo. Mpe titi mara nyingi zaidi, au maziwa yake ya kopo yakiwa yamechanganywa kwa kipimo kilekile. Mama anayenyonyesha ndiye anywe maji mengi. Mtoto asiyelowesha nepi kwa muda mrefu, au anayelegea, apelekwe kwa daktari haraka.

Gari ni tanuri. Ndani ya dakika 10 joto la gari lililofungwa linaweza kuongezeka nyuzi 20 za Fahrenheit, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii. Usimwache mtoto "dakika mbili tu" uingie dukani, hata akiwa amelala, hata kaka yake akiwa naye. Na gari likiwa limeegeshwa nyumbani, lifungwe kwa ufunguo ili mtoto asiingie kucheza.

Kisha kuna mito. Vijana, hapa nawasemesha ninyi. Wengi wenu mmezaliwa karibu na Ziwa Tanganyika, au baba zenu walikuwa wavuvi. Maji ya Tanganyika ni vuguvugu mwaka mzima. Mto Sandy unatoka kwenye barafu ya Mlima Hood. Juu hewa ina nyuzi 100, lakini maji ni ya theluji iliyoyeyuka. Ukirukia humo, kifua kinabana, unavuta pumzi bila kutaka na maji yanaingia. Hata mwogeleaji hodari mikono yake inaweza kukataa kufanya kazi baada ya dakika chache. Mto Clackamas nao una mkondo wenye nguvu usioonekana kwa juu. Usiende bila koti la kuokolea, usiende peke yako, na usiruke mahali usipopajua. Kwa watoto wadogo kuna chemchemi za maji katika bustani za mji, ni bure, na mama anaweza kukaa kivulini akiwaona.

Kazini

Tarehe 26 Juni 2021, siku ya kwanza ya joto lile, mfanyakazi mhamiaji kutoka Guatemala alifariki akiwa kazini kwenye shamba la miche karibu na mji wa St. Paul, kusini mwa Portland. Alikuwa na miaka 38, alikuwa anasogeza mabomba ya kumwagilia. Hakuwa mzee, hakuwa mgonjwa kitandani. Alikuwa mtu kama kaka yako anayetafuta riziki.

Baada ya hapo Oregon iliweka kanuni za joto kazini, na tangu 2022 ni kanuni za kudumu. Zinahusu kazi za nje na pia kazi za ndani kama ghala lisilo na ubaridi. Joto linalosikika likifika nyuzi 80 za Fahrenheit, mwajiri lazima atoe maji ya kunywa yenye ubaridi, ya kumtosha kila mtu kama lita moja kwa saa, na mahali pa kivuli pa kupumzikia. Likifika nyuzi 90, lazima pawe na mapumziko ya ziada. Na hairuhusiwi kukuadhibu au kukufukuza kwa sababu umeomba vitu hivyo.

Najua kusema ni rahisi hapa ukumbini. Ukiwa na miezi miwili kazini, Kiingereza hakijakaa vizuri, kodi ya nyumba inangoja, unaogopa kuinua mkono. Kwa hiyo nakushauri namna mbili. Kwanza, msiombe mmoja mmoja. Mkiwa watatu wa zamu moja, nendeni watatu. Pili, tupigie simu. Tunaweza kumpigia msimamizi bila kelele, na kama hasikii, tunajua malalamiko yanapelekwa wapi.

Na kwa wanaoanza kazi mpya wiki ya joto: hatari kubwa iko siku za kwanza, kabla mwili haujajifunza. Usitake kuonyesha nguvu siku ya kwanza. Kijana anayetaka kusifiwa ndiye anayeanguka.

Dalili na simu ya 911

Joto linapoanza kumshinda mtu, anatoka jasho jingi, anasikia kizunguzungu, kichwa kinamuuma, anatapika, misuli inabana. Hapo mpeleke kwenye ubaridi, mlaze, mfungue nguo, mpe maji kidogo kidogo, mlowanishe. Asipopata nafuu ndani ya saa moja, mtafutie daktari.

Lakini ukiona anaongea maneno yasiyoeleweka, hajui yuko wapi, anatembea kama mlevi, anazimia, anatetemeka kama mwenye kifafa, au mwili wake una moto mkali, hapo hakuna kusubiri. Hiyo siyo malaria wala siyo uchovu wa kawaida. Ubongo unaungua. Piga 911 mara moja. Ukingoja, mwagia maji mwili mzima, pepea kwa nguvu, weka barafu au vifurushi vilivyogandishwa shingoni, kwapani na kinenani. Kama hana fahamu usimnyweshe kitu.

Kuna wanaoogopa 911 kwa sababu ya bili, au kwa sababu sare zozote zinawakumbusha mambo mabaya. Nawaelewa. Wanaokuja na gari la wagonjwa kazi yao ni kumtibu mgonjwa. Kama una OHP, inalipia gari hilo katika hali ya dharura. Bili ikija nyumbani, usilipe na usichane: ilete ofisini, tutaishughulikia. Bili tunaweza kuizungumza.

Ukipiga, sema "Swahili" na usikate simu. Kutakuwa kimya kidogo wakitafuta mkalimani. Wengi hukata hapo wakifikiri hawakusikilizwa. Ngoja. Na kila mtoto wa shule ajue kutamka anwani ya nyumbani kwa Kiingereza, na namba ya apatimenti. Iandikeni kubwa kwenye mlango wa friji leo jioni.

Nani atagonga mlango?

Nimesema vitu vitatu tuliviacha: mwili uliozoea, nyumba inayopumua, na watu wanaoitana. Vya kwanza viwili vinahitaji maji, mapazia, fomu na pesa. Cha tatu hakihitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Kwenye meza ya nyuma kuna karatasi zenye mistari. Mkono wa kushoto andika jina la mtu katika jamii yetu anayekaa peke yake mchana: mzee, mjamzito, mgonjwa, mama mwenye watoto wadogo ambaye mume wake yuko zamu. Mkono wa kulia andika jina la atakayemwangalia. Siku joto likitangazwa kupita nyuzi 90, atampigia asubuhi, na jioni kati ya saa kumi na saa mbili atakwenda kwa miguu au kwa gari kumwona kwa macho. Simu peke yake haitoshi. Mzee wetu akiulizwa kwenye simu atajibu "niko salama" hata kama anaanguka, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kujibu. Ingia ndani. Gusa mkono wake. Angalia kama kuna maji karibu naye. Mwulize leo ni siku gani. Akishindwa kujibu, unajua cha kufanya.

Na wewe uliyeandikwa mkono wa kushoto, usione aibu. Kwetu hakuna aliyeona aibu kuangaliwa na jirani. Mpe mtu huyo ufunguo wa pili, au mwambie meneja wa jengo jina lake, asije akasimama nje ya mlango bila njia ya kuingia.

Karatasi zile zilipoanza kujazwa leo asubuhi, mama mmoja aliniuliza kama anaweza kuandika jina la jirani yake mzungu, mzee anayekaa na paka, ambaye hawaelewani lugha. Nikamwambia aandike. Kugonga mlango na kuonyesha chupa ya maji hakuhitaji mkalimani.

Maswali karibuni, na kabla hujatoka pita kwenye meza ya nyuma uandike majina mawili.